“Up” si “juu” tu: kijineno kinachowachanganya wapokea wageni wa Moshi na Arusha

Mezani kambi ya Kibo, Mlima Kilimanjaro, mita 4,720 hivi, supu imeshawekwa na safari ya kileleni itaanza usiku wa manane. Mwongozaji anamuuliza mgeni kama yuko tayari. Mgeni anajibu: “I'm up for it. I'm just not sure I'm up to it.” Kwa sikio lililozoea kwamba “up” ni “juu”, hapo kuna juu mbili, basi safari ipo. Kumbe mgeni kasema mambo mawili yanayovutana: hamu ninayo, ila sidhani kama uwezo ninao. “Up for” ni moyo, “up to” ni mwili. Nusu ya pili ndiyo ya kushughulikia, na ndiyo inayopotea.

Meza hiyohiyo, kijana wa Kimarekani anadakia: “I'm totally down for it.” Huyu hataki kushuka, wala hana huzuni. Kwa vijana, “down for it” ni sawa na “up for it”: nipo, twende. Lakini angesema “I'm feeling down”, hapo amenyong'onyea. Ndiyo lugha yao hiyo, tutafanyaje.

Haya ni maelezo kwa waongozaji, kwa wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanaosoma Kiingereza ili siku moja waache kubeba na waanze kuongoza, kwa madereva wa Arusha wanaopeleka wageni mbugani, na kwa walio mapokezi hotelini. Neno moja tu, herufi mbili. Wapenzi wa kamusi hupenda kutaja “set”, lililopewa maana 430 katika kamusi kubwa ya Oxford toleo la 1989, au “run”, ambalo wahariri wa kamusi hiyohiyo baadaye walilihesabia maana 645. Hao ni mabingwa wa kurasa. Kazini kwetu “up” linasumbua kuliko hao, kwa sababu halikai peke yake: linajibandika kwenye kitenzi cha jirani na kukigeuza kitu kingine kabisa. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake London mwaka 1755, alikiri katika utangulizi kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Kwa hiyo ukikwama, usijione mjinga.

Kwenye mizani, kosa moja linageuza maana juu chini

Tuanze na kosa linaloonekana dogo. Mzigo wa mpagazi Kilimanjaro una kikomo cha kilo 20, na unapimwa getini. Karatasi ya kampuni imeandikwa “up to 20 kg”. Anayetafsiri neno kwa neno anapata “juu ya kilo 20”, na “juu ya kilo 20” kwa Kiswahili ni zaidi ya 20. Maana imepinduka kabisa. “Up to” mbele ya namba ni “hadi”, yaani isizidi.

Sasa angalia ndugu zake. “20 kg and up” ni kuanzia kilo 20 kwenda juu. “Upwards of 20 kg” ni zaidi ya 20. Namba ni ileile, kijineno ni kilekile, lakini mzigo mmoja unapita getini na mwingine unafunguliwa upunguzwe. Kanuni ya haraka: “up to” ikitangulia namba, namba hiyo ni dari. “And up” ikifuata namba, namba hiyo ni sakafu.

“Up to” ikifuatwa na mtu badala ya namba, hapo Kiswahili kinakupa zawadi. “It's up to you” ni “ni juu yako”, neno kwa neno, bila jasho. Ni moja ya mara chache ambapo “juu” inafanya kazi yote. Usizoee lakini, maana “What are you up to?” si “uko juu ya nini?” bali “unafanya nini?”, na ikisemwa kwa jicho la pembeni ni “una njama gani wewe?” Na “the food wasn't up to scratch” kwenye maoni ya mgeni mtandaoni ni lawama: chakula hakikufikia kiwango. Usimwonyeshe mpishi ukidhani ni sifa.

Juu ya kweli ipo pia, tusiikatae: “climb up”, “look up”, “the sun is up”. Hata hapo kuna ujanja. Mwingereza husema anakwenda “up to London” hata akitokea sehemu iliyoinuka zaidi, kwa kuwa mji mkuu ndio unaohesabiwa kuwa juu. Huku kwetu ardhi ndiyo inayoamua: migombani unapanda, mjini unashuka. Ukiwa Marangu, “down to Moshi” ndiyo inayoeleweka.

“Up” ya kumaliza na “up” ya kufunga

“Eat your soup” ni kula supu. “Eat up your soup” ni kula mpaka bakuli libaki tupu. Hapa “up” inafanya kazi ambayo sisi tunaifanyia vitu viwili: viambishi vya kitenzi, kama tupa ikawa tupilia mbali na shinda ikawa shindilia, na vile vijineno vyetu vya mkazo. “Fill up the bottles” ni jaza chupa pomoni. “Shut up” ni nyamaza jii, tena kwa ukali wa matusi.

Tofauti hii ina uzito kazini. Mpishi akiambiwa “we've used the gas”, gesi imetumika, pengine bado ipo. “We've used up the gas” ni kwamba mtungi umebaki chuma kitupu. “The stream is drying” ni kijito kinapungua. “The stream has dried up” ni hakuna tone. Kwenye njia ya Machame, ambako maji ya mwisho kabla ya kambi ya Barafu huchotwa Karanga, utakubali kwamba si mambo ya mwalimu wa sarufi tu. “Time's up” nayo iko kundi hili: muda umekwisha.

Jaribio la kuitambua ni kuondoa “up” na kusikiliza. Sentensi ikibaki na maana ileile ila imepoa, imepoteza ule ukamilifu, basi ni “up” ya kumaliza. Ikivunjika au ikageuka jambo lingine, uko kundi jingine. Ila usiibandike kiholela. “Sleep up” haipo. “Cook up” ipo, lakini mara nyingi ni kupika uongo: “he cooked up a story”.

Jirani yake ni “up” ya kufunga na kukusanya: “zip up”, “tie up”, “button up”, “pack up”, “roll up” ya godoro la kulalia. Ya kuangalia ni “do up”. “Do up your jacket” ni funga koti lako, na kinyume chake ni “undo”. Na “wrap up” ina sura tatu: kumalizia kikao, kufunga zawadi, na kuvaa nguo nzito. Usiku wa kileleni unamaanisha hiyo ya tatu, “wrap up warm”, na mgeni anayeisikia atavaa tabaka zote alizonazo.

Barabarani

Kwa madereva, kitenzi cha kukariri leo ni “pull up”. Mgeni akisema “could you pull up just here?” anaomba usimamishe gari. Haombi upandishe kilima, haombi uvute kitu. Ukiongeza gia, chui aliyekuwa mtini amebaki nyuma. “Back up” ni rudi nyuma, na kwa Mmarekani “traffic is backed up” ni foleni imeshikana. “Up ahead” ni mbele kidogo, hata kama barabara inateremka. “Move up” kwenye kiti ni sogea, kama konda anavyokuambia kwenye daladala. “Up front” ni kiti cha mbele, lakini “pay up front” ni kulipa kabla ya huduma, na mtu aliye “upfront” ni mkweli asiyezungukazunguka. Paa lile la kuinuka la Land Cruiser ni “pop-up roof”. Hilo kwa kweli linaenda juu.

“Hold up” nayo ina nyuso zake. “Hold up!” ya Mmarekani ni ngoja kwanza. “Sorry to hold you up” ni samahani kukuchelewesha. “A hold-up” ni ujambazi wa silaha. “How are you holding up?” ni unavumiliaje, unajionaje mpaka sasa, swali zuri sana la mwongozaji, la upole, lisilomlazimisha mgeni kujifanya shujaa.

Sehemu ya kusoma mara mbili: afya

Fomu ya Lake Louise, inayotumika kupima ugonjwa wa mwinuko, ina mambo manne: kichwa, tumbo, uchovu na kizunguzungu. Kila moja hupewa alama 0 hadi 3. Kwenye tumbo, kukosa hamu ya kula au kichefuchefu kidogo ni 1. Kutapika kunakupeleka 2 au 3. Jumla ikifika 3 na maumivu ya kichwa yakiwemo, huo ni ugonjwa wa mwinuko. Sasa mgeni anasema “I threw up twice”. Aliyeelewa kwamba alirusha kitu juu mara mbili hawezi kujaza fomu hiyo. “Throw up” ni kutapika. “Threw up” ni alitapika. Kinyume chake si “throw down” bali “keep down”: “I can't keep anything down” ni kila anachomeza kinarudi.

“Cough up” ni kukohoa na kutoa kitu. “I'm coughing” ni kikohozi, na vumbi na hewa kavu ya mlima vinakohoza wengi. “I'm coughing something up” inadai swali la pili papo hapo: ni kitu gani, rangi gani? Makohozi yenye povu, hasa ya pinki, pamoja na kuhema hata akiwa amekaa, ni dalili ya mapafu kujaa maji. Hapo ni kushuka mara moja, iwe usiku au mchana.

Tazama namna “up” inavyohamisha ugonjwa kutoka kiungo hadi kiungo. Mwingereza akisema “I'm puffed” anahema, amekata pumzi. Akisema “my hands are puffed up”, mikono imevimba. “I'm bunged up” ni pua imeziba, lakini pia hutumika kwa tumbo lililofunga choo, kwa hiyo uliza, usione haya: “your nose or your stomach?” “My knee is playing up”, au kwa Mmarekani “acting up”, ni goti linaleta shida, hakuna mchezo hapo. “My legs are seizing up” ni misuli inakakamaa. “I was up all night” ni hakulala, si kwamba alipanda usiku kucha. Na “I was up five times” ni aliamka mara tano, pengine kukojoa, jambo la kawaida kwa anayemeza Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko.

Swali la asubuhi kambini Horombo linaloleta jibu la maana ni “Do you feel up to it today?” Ukijibiwa “not really”, hasa na Mwingereza, chukulia ni hapana. Adabu yao inazunguka kama yetu: mtu anasema “sijambo kidogo” na kumbe anaumwa hasa. Lakini kama una shaka hata chembe, achana na “up” zote. Uliza kwa vitenzi vitupu: “Did you vomit? How many times? Did you sleep? Can you walk in a straight line?” Kiingereza cha namna hiyo hakina madoido, na mgonjwa anakielewa.

“Don't give up!” ni wimbo wa waongozaji wengi, na kwa maoni yangu unaimbwa mno. Kwa aliyechoka ni dawa. Kwa anayeyumba na kuongea maneno yasiyoungana ni hatari, maana umeshamfanya aone aibu kukubali kugeuka. “Give up” ina harufu ya kushindwa. “Turn back” au “go down” hazina. Tumia hizo.

Mwingereza na Mmarekani si mtu mmoja

Mpagazi analeta bakuli la maji ya moto hemani saa kumi na moja jioni na kusema “you can wash up now”. Mmarekani ananawa uso na mikono, anashukuru. Mwingereza anatazama huku na huku akitafuta sahani, kwa sababu kwake “wash up” ni kuosha vyombo. Ile “washy washy” tunayoicheka, Kiingereza cha mlimani kisicho na baba wala mama, inaeleweka kuliko hiyo ya darasani. Iacheni iendelee.

Hatari zaidi ni “knock up”. Vitabu vya zamani vya Uingereza vinafundisha kwamba ni kumgongea mtu mlango aamke. Mwongozaji akimwambia mgeni wa kike wa Kimarekani “I'll knock you up at eleven”, ameahidi kumpa mimba saa tano usiku. Sema “I'll wake you up at eleven”, ukae salama. Nyingine ni ndogo tu: Mwingereza ataomba “top up” ya chai, Mmarekani ataomba “refill”, wote wanataka kikombe kijazwe tena.

Kiwakilishi hukaa katikati

Kwenye tovuti nyingi za kampuni zetu ndogo utakuta “We will pickup you at KIA.” Kuna makosa mawili hapo. Kwanza, “pickup” likiandikwa pamoja ni nomino: ni tukio la kuchukuliwa, au ni gari, ile pikapu inayobeba ndizi kutoka Kibosho. Likiwa kitenzi ni maneno mawili. Pili, kiwakilishi hukaa katikati: “We will pick you up at KIA.” Nomino ina uhuru, “pick up the guests” au “pick the guests up”, lakini “you, me, it, them” lazima zibanwe kati. “Zip it up.” “Wake them up.” “Do it up.” Ukiongeza kijineno cha tatu, kama “keep up with” au “put up with”, kila kitu kinarudi mwisho: “keep up with him”.

Na je, “up” inapokuwa juu ya kweli? Chukua sentensi “She looked up the trail.” Ina maana mbili kamili. Moja, aliinua macho akaitazama njia inakopanda. Mbili, alitafuta habari za njia hiyo, kwenye simu au kitabuni. Weka “it” uone zinavyoachana: “She looked up it” ni ile ya macho, “She looked it up” ni ile ya simu. “Up” inayokubali kusukumwa nyuma ya “it” imeshaungana na kitenzi. Inayokataa bado ni juu ya kawaida. Jaribio hilo moja linatosha kwa sentensi nyingi sana.

Matamshi nayo: ulimi wetu hupenda irabu mwishoni, ndiyo maana tuna pikapu na mekapu. Kwa Kiingereza funga midomo kwenye “p” na uiache imefungwa, usiiachilie ikawa “apu”. Mkazo kwenye kitenzi uko kwa “up”: wake UP, give UP, throw UP. Kwenye nomino unahamia mwanzo: PICK-up, MAKE-up, CHECK-up. Na mgeni akiongea haraka, “get up” itasikika “gerap”, “pick it up” itasikika “pikitap”. Usitafute mapengo kati ya maneno, hayapo.

Ukitaka daftari, usiandike orodha ya “up” hii na “up” ile. Andika sentensi nzima, na pembeni uandike ni nani angeisema na ni wapi: mezani, kwenye gari, hemani. Sentensi nane kwa wiki zinatosha. Kwenye kamusi tafuta chini ya kitenzi, si chini ya “up”, la sivyo utazama. Na weka alama nyekundu kwa zile za kuelewa tu bila kuzisema: “shut up”, “hurry up”, “drink up” kwa mtu mzima. “Hurry up” kwa mgeni aliyelipa ni ukosefu wa adabu, na kwenye mlima ambao kila mtu anaambiwa pole pole, hata haina kazi.